Baba Mdogo Aliyeiona Taj Mahal

Mbagala tuko wengi, lakini hakuna anayesema anaishi mjini. Mjini ni Posta na Kariakoo. Huko tunakwenda kwa shida maalumu: benki, hospitali, au kumsindikiza mtu kununua vitambaa vya sare ya harusi. Kwenda mjini kutazama tu, bila risiti wala cheti cha daktari mfukoni, ni starehe ambayo mkazi wa kwetu Charambe huionja siku anapofikiwa na wageni. Wageni nao, wawe wametoka Songea au Sumbawanga, mambo yetu ya mtaa gani na mtaa gani hayawahusu. Wanachojua ni kwamba ukishalipa kodi ya chumba popote kati ya Bunju na Rangi Tatu, wewe ni mtu wa Dar es Salaam, na kazi yako ni kuwatembeza.

Ndiyo maana Baba Mdogo alipopiga simu kutoka Kamachumu kusema anakuja na Mama Mdogo kula Krismasi kwangu, hakuuliza kama nina nafasi ya kuwalaza. Aliuliza nimepanga kuwaonesha nini. Nikamtajia sanamu ya Askari, Makumbusho ya Taifa, pantoni ya Kigamboni na magofu ya Kunduchi. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema kwa upole wa mtu anayetoa rambirambi:

"Sawa, mwanangu. Lakini unakumbuka mimi nimeshaiona Taj Mahal."

Tunakumbuka. Ukoo mzima unakumbuka, na asiyekumbuka hukumbushwa. Miaka kadhaa iliyopita Mama Mdogo alipelekwa India kufanyiwa upasuaji wa moyo, Baba Mdogo akiwa msindikizaji. Mgonjwa alipopata nafuu wakapanda gari kutoka Delhi hadi Agra, mwendo wa zaidi ya kilometa 200, na tangu siku hiyo mwalimu huyu mstaafu wa Historia hajapata tena jengo la kumshangaza. Kanisa jipya la parokia? Dogo. Benki ya ghorofa pale Bukoba? Haina uwiano. Ana picha moja tu ya safari ile, na amewahi kuitembeza hadi msibani: yeye amesimama mbele, vidole viwili hewani, na kwa mbali kuba la Taj Mahal limekaa katikati ya vidole hivyo mithili ya kifuniko cha sufuria kinachofunuliwa. Ukimuuliza ndani kukoje, anakunja uso.

"Ndani ni kaburi. Mtu mstaarabu hasimulii ya kaburini."

Sisi Wahaya mitaani tunaitwa nshomile, kwa sababu inasemekana hatuwezi kumaliza salamu bila kutaja tulikosoma na tulikofika. Mimi nimejitahidi kuishi Mbagala kimya kimya ili nisilithibitishe jina hilo. Baba Mdogo amelibeba kwa niaba ya wilaya nzima ya Muleba.

Walifika stendi ya Magufuli, Mbezi Luis, usiku mkubwa. Mama Mdogo alishuka na mkungu wa ndizi na ndoo ya senene wa kukaanga. Baba Mdogo alishuka na suti nzito ya kaunda ambayo, kwa joto la Desemba la pwani, ilikuwa adhabu. Nilimshauri aivue. Akanieleza kwamba huu ndio mji ambao Wajerumani waliuhamishia makao makuu yao kutoka Bagamoyo mwaka 1891, na mtu haingii mji wa namna hiyo na fulana. Hoja za kihistoria hazijibiki usiku. Tukaenda nyumbani, yeye akitiririka jasho kwa heshima.

Asubuhi tukaenda kupanda daladala Rangi Tatu. Msomaji wa Mbagala anajua kilichofuata, anaweza kuruka aya hii, lakini kwa faida ya wengine nitasema kwamba pale, saa za watu kwenda kazini, gari hujaa kabla halijasimama. Mlango ni wa wagonjwa na wageni. Wenyeji hutumia dirisha. Mama Mdogo alipishwa mlangoni kwa ajili ya umri na tabasamu lake. Baba Mdogo, aliyekuwa amebaki nyuma akisubiri foleni ianze, alidakwa na kijana mmoja mwenye huruma aliyekwisha kuingia ndani. "Mzee, siti ipo, leta mkono!" Akaleta mkono. Mwili ukafuata hadi kiunoni, ukakwama. Kwa muda fulani mwalimu wangu alikuwa na anwani mbili: kichwa ndani ya gari akilalamikia utaratibu, miguu nje ikinilalamikia mimi. Tulisukuma kwa adabu kadiri ilivyowezekana. Alipokaa, akapangusa kola na kutangazia siti za jirani kwamba huko Agra alikwenda kwa gari lenye kiyoyozi.

Mama Mdogo alikuwa na shughuli nyingine. Kamachumu huwezi kuingia mahali ukakuta watu ukakaa bila kuwasalimu, naye akaanza siti ya mbele, mmoja baada ya mwingine: mmeamkaje, watoto hawajambo, na kwenu ni wapi. Tulipofika Mtongani alikuwa amemaliza upande wa kulia na anajua nani mwanawe anaumwa, nani anadaiwa kodi. Konda, ambaye nauli zake zilikuwa zimesimama kupisha salamu, akamuuliza kwa heshima zote:

"Samahani mama, unagombea udiwani?"

Tulishuka Posta, tukatembea hadi kwenye sanamu ya Askari, Mtaa wa Samora. Hapo Baba Mdogo akarudi kazini. Kwa sauti iliyopimwa kufika dawati la mwisho, alitueleza kwamba mahali pale Wajerumani waliweka sanamu ya gavana wao wa zamani, Hermann von Wissmann; kwamba Waingereza walipouteka mji mwaka 1916 waliiondoa; na kwamba mwaka 1927 wakamsimamisha huyu askari wa shaba, singe yake imeelekea bandarini, kuwakumbuka Waafrika waliopigana na waliobeba mizigo katika Vita Kuu ya Kwanza. Vijana wawili wakaacha biashara zao wakasikiliza. Mmoja akauliza kama mwishoni kuna vyeti.

Kisha akataka picha. Haikuwa picha tu, ilikuwa ile ya Agra: asimame mbali, anyooshe vidole viwili, ionekane ameishika ncha ya singe. Kwa kazi hiyo unahitaji uwanja mpana, na Taj Mahal inao. Mtaa wa Samora una teksi, bodaboda, na siku ile ulikuwa na mchuuzi aliyetandaza soksi kwenye turubai. Mama Mdogo alishika simu akaongoza mitambo. "Rudi nyuma. Bado. Kidogo tena. Nyoosha mkono. Rudi." Mzee akarudi, macho kwenye vidole vyake, hadi akasimama katikati ya turubai.

"Mzee," mchuuzi akasema bila kupandisha sauti, "hizo umeshazivaa."

Alizilipia. Picha ilitoka na kidole gumba cha Mama Mdogo upande mmoja, bodaboda upande wa pili, na katikati Baba Mdogo amebana hewa, Askari akiwa hayumo kabisa.

Makumbusho ya Taifa yako Mtaa wa Shaaban Robert, na hapo tulipanga kukutana na Shangazi, dada mkubwa wa Baba Mdogo, ambaye alifikia kwa mwanawe huko Tegeta. Raia hulipa kiingilio nafuu kuliko mgeni wa nje. Ni utaratibu wa nchi nyingi, India ikiwemo. Baba Mdogo alifika dirishani akaomba tiketi kwa Kiingereza cha wamisionari, kimepigwa pasi. Dada wa dirishani, akimstahi kwa lugha ile ile, akamtajia bei ya wageni. Baba Mdogo akarukia Kiswahili. Kikawa kimechelewa. Ikabidi kitafutwe kitambulisho cha NIDA, kilichokuwa mfuko wa ndani wa kaunda, chini ya soksi.

Ndani, mbele ya Zinjanthropus, sote tulinyamaza kidogo. Mary Leakey alilipata fuvu lake bonde la Olduvai mwaka 1959, na umri wake unakadiriwa kuwa miaka milioni 1.75. Mama Mdogo aliinama akamtazama taya kwa makini ya mtu anayechagua nyanya sokoni.

"Milioni moja na robo tatu," akasema, "na magego bado anayo. Mimi sijafika sabini na nyama naila upande mmoja."

Hapo simu ikalia. Alikuwa Shangazi, na nyuma yake zilisikika ngoma.

Nilikuwa nimemwambia vizuri: Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert, karibu na Posta. Ila konda wa daladala ya Tegeta alisikia neno la kwanza likamtosha, akamshusha stendi ya Makumbusho, Kijitonyama, ambako tangu mwaka 1967 kuna Kijiji cha Makumbusho chenye nyumba za asili za makabila mbalimbali. Shangazi aliuliza makumbusho iko wapi, akaoneshwa, akaingia. Na humo, kati ya nyumba za Wazaramo, Wagogo na wengine, akaukuta msonge. Nyumba ya Wahaya. Nyumba ya mama yake.

Mengine tulisimuliwa naye mwenyewe. Aliingia, akatazama sakafu, akaona haikutandikwa nyasi kama anavyojua yeye nyumba yenye mgeni inavyotandikwa. Akatoka, akakusanya nyasi, akarudi, akatandika. Akamsahihisha kijana aliyekuwa akielekeza watalii mahali alipokaa baba mwenye nyumba na mahali walipofungwa ng'ombe. Kijana, kwa busara, akaacha kusema akaanza kutafsiri. Watalii wakapiga picha. Mmoja akaomba Shangazi akae mlangoni, akakaa. Mwingine, akiamini kwamba bibi huyu ni sehemu ya onesho, akamwekea noti mkononi, na wenzake wakaona aibu kubaki nyuma.

"Shangazi, usiondoke hapo, tunakuja kukuchukua," nikamwambia.

"Msiwe na haraka, mwanangu," akajibu. "Hapa ni pazuri. Wanalipa."

Kesho yake, Kigamboni, ilikuwa zamu ya Baba Mdogo kulipiza. Waoga wa maji walishajengewa Daraja la Nyerere, mita 680, likafunguliwa mwaka 2016. Yeye alitaka pantoni. Mtu wa Bukoba huwezi kumtisha kwa maji. Alisimama Magogoni, upande wa mjini, akautazama mkono ule wa bahari unaoingia bandarini, akauliza kama ndiyo hiyo bahari tunayojisifia kila siku kwenye redio. Akaeleza ukubwa wa Ziwa Viktoria. Akaeleza meli ya Bukoba hadi Mwanza, unapanda jioni unashuka asubuhi, na kwamba msafiri mzoefu hajitupi majini bila chakula. Alikuwa amefunga chake: ndizi za kupika na senene, ndani ya hotpoti.

Nauli ya pantoni ni shilingi 200, na ng'ambo unaiona ungali upande huu. Lakini mtu aliyekulia kwenye meli ya kulala humbadilishi kwa kumwonesha ng'ambo. Tulipopanda alitafuta benchi, akavua viatu, akafungua hotpoti, akanawa kwa maji ya chupa. Umati uliposogea mbele kushuka, mimi na Mama Mdogo tulisukumwa pamoja nao hadi nchi kavu ya Kigamboni. Nikageuka. Baba Mdogo alikuwa bado benchini, na mbele yake amesimama mtoto wa shule ameshika mdomo.

"Babu, unakula panzi?"

Swali hilo huwezi kumuuliza mwalimu mstaafu kutoka Kagera ukategemea jibu fupi. Alianza na mvua, akaja kwenye misimu, akaingia namna ya kuwanasa kwa taa, akafika kwenye kung'oa mabawa na miguu. Wasikilizaji wakaongezeka. Waliokuwa wanapanda kurudi mjini wakaonjeshwa. Pantoni ikang'oa nanga na somo likiwa limefika kwenye kukaanga. Sisi tulibaki Kigamboni tukiitazama kaunda ikielekea Magogoni, mkono mmoja ukionesha hewani jinsi senene anavyoruka. Aliporudi kwetu, hotpoti ilikuwa tupu, amepata wateja wa ndoo nzima, na hakuwa na habari kwamba alikuwa amekwenda mahali.

Wahenga walishasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Charambe jembe la kumpa mgeni lipo, shamba ndilo halipo; kiwanja changu kimeishia kwenye kisima na choo. Kwa hiyo nikawapeleka Kunduchi, Shangazi naye akatukuta huko akitokea Tegeta, kwa pesa zake za Kijitonyama.

Kunduchi, ukiacha fukwe na hoteli, kuna magofu ya msikiti wa kale na makaburi ya Waswahili wenye uwezo wa zama hizo, yamejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, mengine na nguzo ndefu. Kwenye kuta na nguzo zile walipachika sahani za kaure zilizotoka China, zikang'aa juu ya marehemu. Nyingi zimeng'olewa na yamebaki mashimo ya duara. Mji huu ulikuwa na wafanyabiashara wake wanaokula kwenye sahani za China kabla Sultani Majid wa Unguja hajaanza kujenga Dar es Salaam miaka ya 1860. Mama Mdogo alipita kaburi kwa kaburi akihesabu mashimo kwa uchungu.

"Vyombo vizuri hivi," alisema. "Kumbe si mimi peke yangu ninayeibiwa sahani baada ya shughuli."

Baba Mdogo alivuta pumzi. Tulijua linakuja.

"Si haba," akaanza. "Si haba hata kidogo. Lakini Taj Mahal! Mfalme Shah Jahan alianza kuijenga mwaka 1632. Marumaru nyeupe tupu. Mafundi na vibarua inasemekana elfu ishirini. Na yote hiyo, angalieni, kwa ajili ya mke wake Mumtaz Mahal. Kwa upendo!"

"Huyo mke alikufa na nini?" Mama Mdogo akauliza, bado yuko kwenye mashimo.

"Uzazi. Mtoto wa kumi na nne."

Mama Mdogo akainuka taratibu.

"Wa kumi na nne. Mwanamume ana marumaru yote hayo, ana mafundi elfu ishirini, anangoja mke afe ndipo aanze kujenga. Si angejenga zahanati?"

Shangazi alicheka hadi akashika ukuta wa msikiti. Baba Mdogo akarekebisha kaunda.

"Ungeingia ndani ukaona kazi ile, usingesema hivyo."

"Na wewe ungeingia," akasema Mama Mdogo.

Pakawa kimya, kisha yote yakatoka. Ilikuwa Ijumaa. Ijumaa Taj Mahal hufungwa, watalii hawaingii, isipokuwa watu wa msikiti ulio mle ndani huingia kuswali. Dereva wao, kwa kuwahurumia, aliwazungusha hadi ng'ambo ya mto Yamuna, wakaitazama kutoka upande wa pili wa maji, mume akanyoosha vidole, mke akampiga picha, wakarudi Delhi. Miaka yote hiyo, makanisa, benki na nyumba za watu zilikuwa zimehukumiwa na mtu aliyeishia ng'ambo ya mto.

Tulicheka bila huruma. Baba Mdogo alijikuta na hamu kubwa ya kuchunguza sahani moja iliyobaki juu kabisa ya nguzo. Ni Shangazi aliyetunyamazisha, na alipozungumza alimgeukia yule mdogo wake aliyembeba mgongoni zamani.

"Mwacheni mtoto wa mama yangu," akasema. "Huyo mfalme wao alikuwa na hazina ya dola nzima, akajenga kaburi. Huyu wetu aliuza ng'ombe, akauza na kipande cha kibanja alichoachiwa na baba, ili kaburi lisijengwe."

Kwa mtu asiyejua Uhaya, nieleze tu kwamba kibanja hakiuzwi. Mtu huuza baiskeli, huuza bati la nyumba, kibanja akakiacha. Hakuna aliyekuwa na la kuongeza. Mama Mdogo alimfikia mumewe pale chini ya nguzo, akampangusa vumbi begani, akamtazama.

"Hilo nashukuru," akasema. "Kila nikiamka nashukuru. Lakini lile jiko la nje ulisema tukitoka India utalijenga."

Waliondoka kabla ya mwaka mpya. Habari ninazozipata kutoka Kamachumu ni kwamba sasa Taj Mahal imepumzishwa. Kinacholinganishwa na kila kitu ni Dar es Salaam: barabara za Muleba hazina foleni ya maana, ziwa ni kubwa lakini halina pantoni ya shilingi 200, na vijana wa siku hizi hawajui kupanda gari dirishani. Shangazi anauliza kama kuna uwezekano wa kuajiriwa Kijitonyama kwa mkataba.

Jiko la nje limeanza. Msingi umemwagwa, matofali ya kuchoma yamefika, na juzi Baba Mdogo alinipigia akitaka bei ya marumaru nyeupe pale Kariakoo, akiongeza kwamba mchango wangu niutume kabla ya Pasaka. Nikamuuliza jiko la kuni linataka marumaru ya nini, si yatakuwa meusi kwa moshi wiki ya kwanza? Akanijibu kwamba hayo siwezi kuyaelewa kwa kuwa sijafika Agra. Nikamkumbusha kwamba na yeye aliishia ng'ambo ya mto. Akakata simu. Baada ya muda mfupi ukaingia ujumbe wake, hauna salamu, una vipimo.